Mtoto huziba masikio na kujiuma kanisani: jibu kwa mama wa Katuba

Swali: Kijana wangu ana miaka 5. Tuko Katuba, hapa Lubumbashi. Anaimba nyimbo za kwaya mwanzo hadi mwisho, lakini hajawahi kuniambia "mama, maji". Nikimwita jina hageuki. Kanisani, mabafle (spika kubwa) yakianza, anaziba masikio, anapiga kelele, anajiuma mkono mpaka alama za meno zinabaki. Taksi ikipita barabara nyingine anajitupa chini. Bukari (ugali) anakula, mboga hapana. Upande wa baba yake wanasema amefungwa kichawi, wanataka akae siku 3 kwenye nyumba ya maombi bila kula. Nianzie wapi?

Jibu: Mama, la haraka lisemwe kwanza. Mtoto wa miaka 5 asikae siku 3 bila kula, wala asilale mahali ambapo wewe haupo. Mtoto mdogo akikosa chakula, sukari ya damu hushuka upesi, anaweza kuzimia au kushikwa na degedege, na huyu wako hana maneno ya kumweleza mtu kwamba ana kiu. Wanaotaka kumwombea waje kumwombea nyumbani, akiwa mapajani mwako, ameshiba, kwa sauti ya chini. Ombi hilo halikatai maombi, ndiyo maana wazee wengi hulikubali.

Uliyoyaeleza yanafanana sana na usonji, ule ambao kwenye karatasi za hospitali utaukuta umeandikwa autisme. Barua haiwezi kumpima mtoto, kwa hiyo hospitali tutaifikia. Lakini usingoje karatasi ndipo uanze. Kilio chake na kujiuma kwake vina sababu, na sababu hiyo mara nyingi inaonekana kwa macho ukiitafuta katika dakika chache zilizotangulia. Karibu kila tunachokuandikia hapa kinatoka katika jambo hilo moja.

Usonji ni namna ambavyo ubongo wa mtoto umejengeka tangu mapema, na urithi wa ukoo una mchango mkubwa. Hauambukizi. Hauletwi na malezi mabaya wala na kitu ulichokula ukiwa na mimba. Chanjo nayo haihusiki: makala ya Andrew Wakefield ya mwaka 1998 iliyoanzisha hofu hiyo ilifutwa mwaka 2010 na jarida lenyewe lililoichapisha. Kuna wakati hata madaktari wa Ulaya na Marekani walilaumu akina mama, wakisema hawakuwapenda watoto wao vya kutosha. Walikosea, na mama wengi walibeba aibu isiyo yao kwa miaka. Wewe usiibebe. Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba mwaka 2021 takriban mtu 1 katika kila 127 alikuwa na usonji, kwa hiyo Katuba, Kenya, Ruashi, kila komini ya mji wetu ina watoto kama wako. Wengine huwaoni kwa sababu wamefichwa nyuma ya nyumba.

Sasa kazi. Chukua daftari la shule, chora safu 5: saa, mahali, kilichotangulia, alichofanya, kilichofuata. Andika kila kilio kwa siku 14, hata kifupi. Pembeni weka mambo mawili: alilala saa ngapi, na lini alienda choo kikubwa mara ya mwisho. Mstari mmoja uwe hivi: "Jumapili, saa tatu na nusu, kanisani. Mikro inajaribiwa, bafle limepiga mluzi. Ameziba masikio, amelia, amejiuma. Nimemtoa nje, ametulia baada ya dakika 25." Kosa tunaloliona mara nyingi ni mzazi kuandika "alikasirika bure". Hapo hamna cha kusoma. Andika ulichoona, ulichosikia, hata ulichonusa: moshi wa makaa, samaki wa kukaanga, shati jipya lenye lebo inayokwaruza shingo.

Baada ya wiki mbili, soma safu ya tatu peke yake, kutoka juu hadi chini. Kwa kawaida mambo mawili au matatu yatajirudia. Anza na lile moja linalojirudia zaidi, mengine yasubiri. Na ukiona vilio vimejaa siku ambazo hajaenda choo siku 3, au anapojipiga upande mmoja wa kichwa, usitafute tabia, tafuta maumivu: sikio, jino, tumbo, malaria. Mtoto asiye na maneno huumwa kwa kelele.

Kuhusu kanisa, watu watakuuliza: "Mbona nyumbani radio ikipiga anacheza? Huyu anajifanya." Hajifanyi. Radio ya nyumbani yuko karibu nayo, anaijua, pengine ameiwasha mwenyewe. Bafle la kanisani hupasuka bila kumwonya, mikro hupiga mluzi, ngoma hugonga kifuani, na watu 200 hupiga makofi kwa pamoja. Masikio ya watoto wengi wenye usonji hayachuji. Sauti zote huingia na uzito uleule, na mwili hujibu kama vile kuna moto. Kwa sababu hiyohiyo mtoto anaweza kukaa karibu na kinu cha kusaga mahindi bila shida, kwa kuwa mngurumo wake haubadiliki, halafu akalia kwa mbwa mmoja kubweka. Hata mvua ya Desemba juu ya mabati inaweza kumtoa kitandani akitetemeka. Madaktari wa akili wa Marekani waliingiza jambo hili la hisia katika orodha yao rasmi ya dalili za usonji mwaka 2013. Kabla ya hapo wazazi walikuwa wakilisema, wengi hawakusikilizwa.

Jumapili ya kwanza usiingie ndani. Mpeleke siku ya kawaida, kanisa likiwa tupu, atembee, aguse benchi, alitazame bafle likiwa limezimwa. Jumapili inayofuata fika wakati nyimbo zimekwisha na mahubiri yameanza, kaa benchi la nyuma karibu na mlango, dakika 10 tu, kisha toka akiwa bado ametulia. Hilo la kutoka mapema ndilo linalowashinda watu. Wanaona ametulia, wanaongeza dakika 5, halafu 5 nyingine, mpaka analia. Basi kichwani mwake kanisa linabaki kuwa mahali pa kulia. Ongeza dakika 5 kwa wiki, si zaidi, na ikishindikana rudi hatua moja. Umbali nao unafanya kazi kubwa: mahali pa wazi, ukisimama mbali mara mbili na bafle, sauti hushuka kwa karibu desibeli 6. Ndani ya kuta hupungua kidogo kuliko hapo, lakini hupungua. Mwombe mwenye vyombo asigeuzie bafle upande wa mlango.

Lubumbashi ni mji wa migodi, na hilo linakusaidia. Zile kaske za masikio ambazo wafanyakazi wa mashine huvaa kuzuia kelele zinauzwa katika maduka ya vifaa vya kazi. Chagua nyepesi inayoweza kukazwa kwa kichwa kidogo, yenye alama ya kupunguza kati ya desibeli 20 na 30. Usimvalishe mara ya kwanza katikati ya kelele, ataiunganisha na hofu. Mvalishe nyumbani wakati anacheza, dakika 1, kisha 2, kisha 5, kwa siku kadhaa. Na asiivae kutwa nzima: masikio yakizoea ukimya, hata sufuria kuanguka kutamuumiza. Pamba haifai. Inazuia sauti kidogo sana, na watoto huisukuma ndani.

Kilio kikishaanza, huwezi tena kukizuia kwa maneno. Kuna njia ya kukitofautisha na utundu. Mtoto anayelilia biskuti hukutazama kuona kama unamwona, na akiipata ananyamaza. Aliyezidiwa hakutazami, na ukimpa biskuti anaitupa. Kwa huyu wa pili, punguza kila kitu. Mtu mmoja tu abaki naye. Wengine waondoke, hata bibi, hata wenye nia njema. Usimuulize "una nini?", kwa sababu swali ni sauti nyingine ya kubeba. Ondoa mawe na vyombo vya moto karibu yake, kaa chini ubavuni mwake, si mbele ya uso wake. Akigonga kichwa, weka kitenge kilichokunjwa kati ya kichwa na sakafu. Usimshike mikono ila kama kuna hatari ya kweli, barabara au moto, kwa sababu kumshika kwa nguvu huongeza hofu na kujiuma. Kwa mkono anaouuma, mpe kitambaa safi, kinene, kilichofungwa fundo, auume hicho. Wapo watoto wanaotulia wakikumbatiwa kwa nguvu kwenye blanketi, na wapo wanaozidi kulia. Daftari litakuambia wako yuko upande gani. Akitulia, mpe maji na umwache. Huenda akahitaji dakika 20, huenda saa nzima. Usimfundishe wala kumwadhibu muda huo. Kumwagia maji baridi, kumpiga, kumtia pilipili machoni: hayo ni mateso, hata yakifanywa kwa jina la Mungu au la adabu.

Taksi ni rahisi zaidi. Mtoto wako ameikariri njia, na njia ndiyo inayomwambia kwamba dunia iko salama. Dereva akikwepa msongamano, ramani yote imeanguka. Kabla ya kutoka, mwonyeshe vitu viwili kwa mpangilio: kwanza taksi, kisha nyumba ya bibi. Tumia picha au kitu halisi, mfano kipande cha kitambaa cha kiti cha bibi. Njia ikibadilika, mwonyeshe tena picha ileile ya pili na useme maneno mawili tu: "kwa bibi". Kwa wiki moja, mkiwa kwa miguu na hamna haraka, badilisheni kona moja ya njia kwa makusudi, kisha mfike mahali palepale.

Tuje kwenye maneno. Kwamba anaimba kwaya nzima na hasemi "maji" hakumaanishi ni mkaidi. Kurudia wimbo na kutumia neno kumwomba mtu ni kazi mbili tofauti. Ya kwanza anaiweza, ya pili hajaijua bado, na njia ya kumfikisha huko inaweza kupitia mikononi mwake. Andy Bondy na Lori Frost, Wamarekani, walianza mwaka 1985 utaratibu wa kubadilishana picha, na hatua yake ya kwanza inaweza kufanyika kwenye parseli (kiwanja cha nyumba) yoyote.

Chagua kitu kimoja anachokipenda kweli, tuseme vitumbula (vitumbua). Piga picha kwa simu, ichapishe kwenye studio ya mtaani kwa upana wa sentimita 6 hivi, ibandike kwenye kartoni, ifunike kwa skochi (utepe wa gundi) pana isilowe. Usipopata picha, kata karatasi ya biskuti anayoijua. Kata kitumbula vipande vidogo 10. Mnahitajika watu wawili. Wewe kaa mbele yake, kipande mkononi mwako, picha mbele yake, na unyamaze. Dada yake au shangazi akae nyuma ya mtoto. Mtoto akinyoosha mkono kuchukua kipande, aliye nyuma anauongoza mkono wake uchukue picha na kuiweka kiganjani mwako. Papo hapo mpe kipande na useme neno moja: "kitumbula". Rudia. Aliye nyuma haongei kabisa, na kila mara anasaidia kidogo kuliko mara iliyopita, mpaka mtoto anatoa picha peke yake.

Hapa ndipo familia nyingi huharibu, na kila kosa lina sababu yake. Ukimuuliza "unataka nini?" kabla hajatoa picha, anajifunza kungoja swali. Ukimlazimisha aseme neno kwanza, unamnyang'anya njia pekee aliyoipata. Ukisema "baadaye" wiki ya kwanza, picha inakuwa karatasi isiyo na nguvu. Na picha ikitundikwa juu ya kabati, ni kama umemfunga mdomo. Iwe kwenye kamba, kimo cha mikono yake. Picha ya pili iwe ya maji, ya tatu "imetosha" au "nje", ile atakayotumia kanisani badala ya kujiuma. Usiogope kwamba picha zitamzuia kusema. Tafiti hazikuonyesha hivyo, na baadhi ya watoto huongeza maneno wakitumia picha.

Kuna ushauri unaotolewa sana mjini kwetu: acheni Kiswahili, acheni Kiluba cha bibi, zungumzeni Kifaransa tu ili asichanganyikiwe. Msiufuate. Watoto wenye usonji wanaokua na lugha mbili hawachelewi zaidi kwa sababu hiyo. Mama anayelazimisha Kifaransa asichokizoea huongea kidogo, hubembeleza kidogo, na mtoto hupoteza hilo. Zungumza naye lugha unayomwimbia usiku, kwa sentensi fupi.

Chakula tukiguse kwa ufupi. Sombe (kisamvu) ina nyuzi, ina mafuta, kila tonge lina ladha yake, wakati bukari ni ileile kila siku. Usiifiche mboga ndani ya bukari, akiigundua atakataa na bukari pia. Weka kiasi cha kijiko cha chai pembeni ya sahani, isigusane na bukari, bila kumwambia ale. Kugusa ni hatua, kunusa ni hatua, na huenda ikahitaji mara 15 au zaidi. Akipungua uzito, akila udongo, au vyakula anavyovikubali vikizidi kupungua, mpeleke kwa daktari.

Upande wa baba yake. Usianze kwa kubishana kuhusu uchawi mbele ya watu wote, utapata maadui bure. Tafuta mtu mmoja wa upande huo anayesikilizwa, babu au shangazi mkubwa, mkae naye peke yake na daftari lako. Mwonyeshe mistari: bafle, kilio, nje, ametulia. Mtu akiona kwamba mtoto hutulia kila akitolewa kwenye kelele, anaanza kuelewa kwa macho yake mwenyewe. Kisha mpe kazi: awe yeye anayekaa nyuma ya mtoto wakati wa picha. Mzee mwenye kazi huwa mlinzi.

Lakini mtu akiendelea kumwita mtoto mchawi, ujue sheria ya nchi yetu iko upande wa mtoto. Sheria namba 09/001 ya tarehe 10 Januari 2009 inayomlinda mtoto inakataza shutuma hiyo, na kifungu chake cha 160 kinaweka kifungo cha mwaka 1 hadi 3 pamoja na faini ya faranga 200.000 hadi 1.000.000. Katiba nayo, kifungu cha 41, inaitaja. Tunaona ni vema sheria hii ukae nayo mfukoni, uitoe pale tu mazungumzo yameshindikana au mtoto yuko hatarini. Siku hiyo usisite.

Shule isikukatishe tamaa. Elimu ya msingi ni haki na wajibu kwa mtoto wa Kongo, na sheria ya tarehe 3 Mei 2022 inalinda haki za watu wenye ulemavu. Hata hivyo, mwalimu mwenye darasa lililojaa hasaidiwi na sheria peke yake. Mpelekee karatasi ya nusu ukurasa: kinachomtisha, kinachomtuliza, anavyoomba choo. Omba kiti karibu na ukuta, mbali na kengele, na aanze kwa saa 1 kwa siku.

Kitu kimoja kinachosahaulika: watoto hawa hutoroka bila kujua hatari, na wengi huvutwa na maji. Kisima cha parseli kiwe na kifuniko kizito. Shona namba yako ya simu ndani ya ukosi wa kila nguo. Wajulishe muuza ligablo (kiduka) wa kona na vijana wa pikipiki: haitikii akiitwa, msimkimbize, tembeeni kando yake na mnipigie.

Na sasa hospitali. Hakuna kipimo cha damu wala picha ya kichwa inayoonyesha usonji. Mtu anayejua humtazama mtoto na kukuuliza maswali mengi. Anzia kwa daktari wa watoto, hospitali ya Sendwe au kwenye kliniki za chuo kikuu, na uombe kwanza masikio yapimwe. Anaimba, kweli, lakini maji nyuma ya ngoma ya sikio yanaweza kupunguza usikivu bila kuumaliza. Mweleze kama kuna nyakati anaganda akikodoa macho sekunde chache, au amewahi kuanguka na kutetemeka, kwa sababu kifafa huwapata watoto wenye usonji zaidi kuliko wengine, na kifafa kina dawa. Vilevile mweleze kama alikuwa na maneno yakapotea. Usonji wenyewe hauna dawa ya kuuponya. Atakayekuuzia sindano, maji ya ajabu au sirapu ya kumlaza mtoto, mkatalie, hata akitaja bei ndogo.

Beba karti ya kupimia kilo, daftari, na video mbili za dakika 1 kwenye simu: moja akicheza ametulia, nyingine akiwa amezidiwa. Mbele ya daktari huenda akakaa kimya kabisa, na bila video watakuambia hana kitu. Fika asubuhi mapema kabla ukumbi wa kungojea haujajaa. Mtu wa pili ashike foleni, wewe na mtoto mkae nje chini ya mti na kaske yake, vitumbula, na picha ya "nje" shingoni mwake.